Kwa nini gredi ya A si hakikisho tena la ufadhili wa chuo kikuu

MTAHINIWA aliyepata gredi ya A katika mtihani wa KCSE ana hakika ya jambo moja tu: kwamba kipo chuo kikuu kitakachompokea. Ni nani atakayemlipia karo, na kwa kiasi gani, ni suala ambalo wazazi wengi hulijua siku chache tu kabla ya mtoto kufunga sanduku.

Hali haikuwa hivi daima. Kwa miaka mingi alama ndizo zilizoamua kila kitu. Aliyefikisha pointi zilizowekwa na Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB) aligharimiwa sehemu kubwa ya masomo na serikali, naye akalipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Aliyepungukiwa na pointi moja, hata akiwa mwana wa mchuuzi wa nyanya, alibaki nje au akajiunga na masomo ya kujilipia yaliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1998.

Mfumo huo haukuwa wa haki, na mwandishi huyu hauombolezi. Pointi za juu zilikusanywa zaidi na watoto wa shule za kitaifa na za kibinafsi, ambao wazazi wao aghalabu ndio waliokuwa na uwezo wa kulipa. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo uliofuata hauna. Matokeo yalipotangazwa, mzazi alijua deni lake.

Mnamo Mei 3, 2023, Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu, ukaanza na waliofanya KCSE mwaka wa 2022. Tangu hapo kazi ya alama ikapunguzwa. Idara ya kuwateua wanafunzi, KUCCPS, huzitumia kuamua mtoto atasomea kozi gani na wapi, ilmradi awe na gredi ya wastani ya C+ au zaidi. Fedha nazo huamuliwa kwa kupima hali ya familia.

Kipimo hicho huwagawa wanafunzi katika makundi matano, maarufu kama bendi. Katika bendi ya kwanza, serikali hutoa ruzuku ya asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) huwa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Bendi ya pili ni 60, 30 na 10. Ya tatu 50, 30 na 20. Ya nne 40, 30 na 30. Katika bendi ya tano ruzuku ni asilimia 30, mkopo 30, na familia hubeba 40.

Hapa ndipo mzazi anapohitaji kalamu na karatasi. Tuseme kozi inagharimu Sh200,000 kwa mwaka. Familia ya bendi ya kwanza itatafuta Sh10,000. Ya bendi ya tatu, Sh40,000. Ya bendi ya tano, Sh80,000. Kwa masomo ya miaka minne, tofauti kati ya familia ya kwanza na ya mwisho ni Sh280,000, ilhali watoto wao huenda wamepata gredi moja na wanaketi dawati moja. Kwa udaktari, ambao gharama yake ni mara kadhaa ya hiyo na huchukua miaka sita, pengo hilo laweza kumeza shamba.

Mipaka ya mapato iliyotangazwa ni hii: hadi Sh5,995 kwa mwezi kwa bendi ya kwanza, Sh23,670 kwa ya pili, Sh70,000 kwa ya tatu na Sh120,000 kwa ya nne. Anayezidi hapo huingia ya tano. Ni mipaka inayowatesa zaidi watu wa katikati. Chukua mwalimu na mumewe muuguzi ambao mishahara yao kwa pamoja ni Sh125,000 kabla ya makato. Kwa kigezo cha mapato pekee wamo kapu moja na mwenye majumba ya kukodisha mjini. Mkopo wa sacco unaokatwa kila mwezi hauonekani katika hesabu hiyo, wala nyanya anayetegemea dawa kijijini.

Ni kweli kwamba mapato si kigezo cha pekee. Ukubwa wa familia, gharama za elimu nyumbani, ulemavu, jinsia, aina ya kozi na kutoka maeneo yaliyotengwa pia hutiwa mizanini. Ila mzazi haonyeshwi uzito wa kila kigezo, na hivyo hawezi kukisia bendi ya mwanawe wakati wa kuchagua kozi.

Jambo hili lilifika mahakamani. Mnamo Oktoba 2024 utekelezaji wa mfumo ulisimamishwa kwa muda, na Desemba 20 mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba ulikiuka katiba na kuwabagua wanafunzi. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo rufaa ikisubiriwa. Kisha Julai 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kupunguzwa kwa karo katika vyuo vikuu vya umma kuanzia Septemba. Katika muda usiotimia mwaka, basi, mzazi mmoja aliweza kupangia mtoto wake bajeti nne tofauti.

Afanye nini mtu wa namna hiyo? La kwanza ni kuacha kungoja barua. Gharama ya kozi hujulikana mapema kuliko bendi. Mzazi na apige hesabu ya bendi anayodhani atawekwa, kisha apige ya bendi inayofuata juu yake, na aweke akiba kwa hesabu hiyo ya pili. Kama hawezi kuifikia, ni heri mazungumzo kuhusu kozi yafanyike kabla ya kuteuliwa kuliko katikati ya muhula wa pili.

La pili ni nyaraka. Mwanafunzi anayeteuliwa hatumiwi fedha moja kwa moja. Ni lazima aombe ruzuku na mkopo kupitia mtandao. Vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kwa yatima na ushahidi wa mapato na wa karo za ndugu wengine viwe tayari mapema. Ushahidi huo huo ndio silaha ya rufaa mtoto akiwekwa bendi isiyomfaa.

Wapo pia wazazi wanaodhani kwamba chuo kikuu cha kibinafsi ni kimbilio. Kati ya mwaka wa 2016 na 2022 serikali ilipeleka wanafunzi huko na kuwagharimia. Chini ya mfumo wa 2023, anayechagua chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini ruzuku haimfuati.

Ufadhili wa wenye alama bora kutoka kwa mashirika haujatoweka, ingawa nafasi zake ni chache na mara nyingi hudai mambo mawili kwa pamoja: gredi ya juu na uhitaji. Aidha, mpango maarufu wa Wings to Fly wa wakfu wa Equity, ulioanza mwaka wa 2010, hulipia masomo ya sekondari. Nazo basari za eneobunge husaidia, ila kiasi chake hubadilika na uhalali wa hazina yenyewe umebishaniwa kortini kwa muda mrefu.

Kuna hesabu moja ambayo husahaulika nyumbani kwa sababu si ya mzazi. Ruzuku haitarudishwa, mkopo utarudishwa. Mwanafunzi wa bendi ya tatu katika ile kozi ya Sh200,000 hukopa Sh60,000 za karo kila mwaka, na kwa viwango vya 2023 hupewa mkopo mwingine wa Sh50,000 wa matumizi. Siku ya kuhitimu baada ya miaka minne atakuwa na deni la Sh440,000 kabla ya riba ya asilimia 4, na atatarajiwa kuanza kulilipa mwaka mmoja baadaye, awe amepata kazi au la.