Somo la Redio: Mto, Pamba na Mizani

Hapa mnalo kwa maandishi lile somo mlilolisikia redioni. Tumelipiga chapa ili mlisome tena polepole, mmoja akisoma na wengine wakimfuatiza. Shikeni daftari na kalamu, maana leo tuna hesabu ya kufanya.

Tunazungumza juu ya hali ya maisha katika Kalemela na nchi inayoizunguka. Kalemela ni kata ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, ukapewa jina la Mto Simiyu. Mto huo hutoka upande wa nyanda za Serengeti, hupita katika nchi ya Wasukuma, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Wilaya ya Busega imepakana na ghuba hiyo.

Mwaka 2012 watu wa mkoa huu walikuwa karibu milioni 1.6. Mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya milioni 2.1. Watu wameongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Mzee mwenye ekari 12 na watoto 4 akiwagawia sawasawa, kila mtoto hupata ekari 3. Je, wajukuu watapata ngapi? Basi jambo la kwanza ni hili: hatuwezi kuishi kwa kufyeka mashamba mapya kila mwaka. Yatupasa kupata zaidi katika shamba lile lile.

Sasa tuutazame mto. Wakati wa mvua hufurika, na wakati wa kiangazi hupungua hata watu wakachimba mchanga ili wapate maji. Mtu akilima mpaka ukingoni, mvua huchukua udongo wake mzuri na kuutia mtoni, na mto huupeleka ziwani. Hapo mkulima amepoteza rutuba, na mvuvi ameharibiwa mazalio ya samaki. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zipime siku moja, uone shamba lako liko wapi.

Mto ukipungua, nani huumia kwanza? Ni mama na binti wanaobeba ndoo. Saa zinazopotea njiani zingefaa shambani, na kwa binti zingefaa darasani. Mwaka 2017 Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Ziwa Viktoria kwa ajili ya Busega, Bariadi na Itilima, na Ujerumani nayo ikachangia. Lakini hata penye bomba, gata na tangi la maji ya mvua vitakufaa siku bomba linapokauka.

Tuje kwenye pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza Tanzania kwa zao hili. Mnajua kazi yake: kupanda mapema, kupalilia, kupiga dawa ya funza wa vitumba, kuchuma, na kutenga pamba safi na pamba fifi. Jasho lote hilo ni letu, lakini bei hutegemea soko la dunia, ambako pamba yetu hukutana na ile ya Marekani, India na Brazil.

Andika hesabu hii. Mkulima ana kilo 400. Msimu wa mwaka 2022 ulifunguliwa kwa bei ya shilingi 1,560 kwa kilo. Zidisha: ni shilingi 624,000. Msimu wa mwaka 2023 ulifunguliwa kwa shilingi 1,060. Zidisha tena: ni shilingi 424,000. Jembe ni lile lile, kilo ni zile zile, lakini zimepungua shilingi 200,000. Ikiwa mkulima alikopa kwa kutumainia bei ya jana, deni litamkuta mikono mitupu.

Basi tufanyeje? Tusiache pamba, ila tusiitegemee peke yake. Kwanza tupande chakula cha nyumbani: mtama, mahindi, na viazi vitamu vya kuanika michembe. Kisha tupande dengu, choroko au alizeti, ili zao moja likianguka bei, lingine lishike nyumba. Wenye ng'ombe watunze ngitili, maana majani yaliyohifadhiwa wakati wa mvua huokoa mifugo wakati wa kiangazi. Ng'ombe wachache walioshiba hushinda wengi waliokonda.

Mwisho ni mizani. Zaidi ya miaka 70 iliyopita wakulima wa pamba wa kanda hii walilalamika kwamba wanapunjwa katika kupima. Wakaungana, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, ambalo kiongozi wake alikuwa Paul Bomani. Ushirika ule ulianza na watu wachache waliojua kusoma namba za mizani.

Wewe nawe sasa unajua. Siku ya kuuza, soma mizani mwenyewe, andika kilo katika daftari lako, kisha linganisha na stakabadhi. Namba zisipolingana, sema hapo hapo, kabla pamba haijapakiwa. Na jirani ambaye hajui kusoma, msomee.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini tuache mita 60 kando ya mto?
2. Mkulima ana kilo 250. Atapata shilingi ngapi kwa bei ya 1,060?
3. Nyumbani kwako ni zao gani lingeweza kusaidia pamba?

Someni vizuri, ndugu zetu. Kwa herini mpaka somo lijalo.