Je, Wajua? Kisiwa Kilichokuwa Kilima

Je, wajua kwamba Barro Colorado, kisiwa cha watafiti huko Panama, hapo awali kilikuwa kilima? Mto Chagres ulipozibwa kwa ajili ya Mfereji wa Panama, maji yalijaa bonde lote, kilele kikabaki juu. Tangu 1923 ni hifadhi, na eneo lake halifiki hata kilomita za mraba 16!

Lakini humo ndani, ndugu yangu! Katika hekta 50 za msitu wake, kila mti umepimwa na kupewa namba, hata mche wenye unene wa sentimita 1. Ni zaidi ya miti 200,000! Na popo je? Wako aina zaidi ya 70. Mmoja wao hula vyura, akiwafuata gizani kwa sauti wanazotoa madume wakiita majike.

Sasa sikia hili, ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Kisiwani yupo aguti, mnyama wa jamii ya panya, anayefukia mbegu ardhini awe na akiba. Watafiti walizifunga mbegu za mti wa jamii ya mchikichi vidude vya redio ili wajue zinakwenda wapi. Mbegu 1 ilifukiwa mara 36! Aguti mmoja anaficha, mwenzake anaiba na kuficha kwingine, hadi ikasafiri zaidi ya mita 749. Na mwisho wake? Ililiwa.

Wewe ukisikia Elnino, unawaza mafuriko, sivyo? Huko Panama, Elnino huleta ukame! Mvua zilipoadimika 1983, miti mingi ilikufa, hasa mikubwa, na sensa ya miti ya 1985 katika zile hekta 50 ikaonyesha ni ipi.

Na kisiwani humo, umewahi kusikia habari za chungu mweusi mwenye tumbo jekundu kama tunda? Ni mnyoo aliyemwingia! Watafiti wanaamini rangi hiyo humdanganya ndege, amdonoe, naye amsambaze mnyoo kupitia kinyesi chake.

Na radi? Kuna mti uitwao almendro, na 2025 watafiti walitangaza kwamba almendro 9 walizozichunguza baada ya kupigwa na radi zote zilipona. Miti jirani ilikufa, na mitambaazi iliyozilemea ikapungua kwa asilimia 78. Hebu fikiria: unapigwa na radi, nawe unapata nafasi na mwanga zaidi!