Kolwezi Ina Kobalti, Bukari Yake Inategemea Mpaka

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na nyingi huchimbwa kuizunguka Kolwezi. Unga wa bukari, yaani ugali, je? Kwa miaka mingi umetegemea sana Zambia, ukivuka mpaka wa Kasumbalesa na kusafiri karibu kilomita 400, kwenye barabara ile ile ya malori ya madini. Zambia ikizuia mahindi yake, au ikipata ukame kama ule wa 2024, bei ya meka, kipimo cha unga sokoni, inapanda huku Kolwezi.

Mazoea haya ni ya zamani. Kampuni za madini, Union Minière kisha Gécamines, ziliwapa wafanyakazi posho ya unga. Mkulima wa jirani hakuhesabiwa. Gécamines ilipoporomoka miaka ya 1990 na posho kukatika, akina mama ndio walioshika majembe. Walilima viwanja na mabonde, wakapanga mafungu ya mazao kando ya barabara, na familia nyingi zikaishi kwa mafungu hayo.

Mpaka leo ni akina mama hao. Lengalenga na matembele huvunwa alfajiri na kuuzwa asubuhi hiyo hiyo. Samaki hutoka ziwa Nzilo. Mvua zikianza, uyoga na vinkubala, viwavi wa kuliwa, hujaa mezani. Chakula hiki hakingoji forodha, na pesa ya mnunuzi inabaki karibu na aliyelima.

Sasa mama hao wanapoteza udongo. Mwaka 2023 Amnesty International ilieleza jinsi upanuzi wa migodi ulivyowaondoa watu kwenye nyumba na mashamba yao Kolwezi. Na shamba lililobaki? Utafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliotolewa 2014, ulikuta kobalti kwenye mboga na vumbi la Katanga, eneo lenye Kolwezi. Hili linaniuma kuliko bei ya unga, kwa sababu mnunuzi akichagua fungu hawezi kuiona kobalti hiyo kwa macho.

Moïse Katumbi, akiwa gavana wa Katanga, aliitaka kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Nia ilikuwa njema, ila anayejua kulima tayari yuko sokoni. Sheria ya madini ya 2018 inayadai makampuni angalau 0.3% ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji. Fedha hiyo ipime udongo na maji ya bustani, itengeneze njia za Sandoa na Kapanga, maeneo ya mihogo, ambako malori hukwama wakati wa mvua, na iwapatie akina mama hati za mabonde wanayolima. Mimi ningeanza na hati.