Akina Mama, Tupime Sukari ya Mimba

Hapa Mbekenyera mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu, jamaa hushangilia. Sisi wauguzi tunafurahi nao, lakini tunamwuliza mama: je, ulipimwa sukari?

Katika ujauzito kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Kwa baadhi ya akina mama sukari hupanda katika damu, humfikia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi. Wakati wa kuzaliwa bega laweza kukwama. Akishazaliwa, sukari yake yaweza kushuka ghafla. Kwa hiyo anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza.

Mara nyingi ugonjwa huu hauna dalili. Mkojo peke yake hautoshi, damu ndiyo ipimwe, kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na 28. Mama hulala bila kula, hupimwa asubuhi, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena.

Aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi, aliyezaa mfu, mnene, au mwenye ndugu wa kisukari, aseme siku ya kwanza ya kliniki. Kipimo kisipokuwepo, aombe rufaa.

Akipatikana na sukari asiogope. Apunguze soda na chai ya sukari, ale ugali kwa kiasi pamoja na mboga na mbaazi, atembee. Wengine huhitaji insulini. Ajifungulie hospitali, na apimwe tena wiki 6 hadi 12 baadaye.

Akina baba, wasindikizeni.