Kutafuta nyumba ya kupanga: mtandaoni au kwa dalali?



Katika robo hii tumeulizwa swali moja na parokia kadhaa: je, mwanakikundi anayechukua mkopo wa kodi atafute nyumba kwenye intaneti, au aendelee kumtegemea dalali? Swali limekuja baada ya mmoja wa wahitimu wetu wa ushonaji jijini Dar es Salaam kupoteza fedha ya kikundi. Tumeona vema kueleza yaliyotokea na utaratibu tuliouweka.

Kwa wasomaji walio mbali, ieleweke kwamba wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa desturi mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi 1. Chumba cha Sh. 60,000 kwa mwezi kinadai Sh. 420,000 kabla mtu hajaingiza godoro. Ndiyo sababu ya mikopo ya kodi ndani ya VICOBA vyetu. Fedha hiyo ni hisa za akina mama wenzake pamoja na michango yenu. Ikipotea, anayefuata kwenye foleni hapati.

Dada huyu aliona picha za chumba cha Tabata kwenye Facebook: vigae, feni, LUKU ya peke yake. Bei ilikuwa nafuu kuliko vyumba vya jirani. Aliyeweka tangazo alimwambia wateja ni wengi, atume kodi ya miezi 2 kwa simu ili ashikiwe. Akatuma Sh. 120,000. Alipofika akamkuta mpangaji ndani, hana habari yoyote ya kuhama. Picha zilipigwa kabla yeye hajaingia. Namba ya simu haikupatikana tena. Tuliripoti polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu wa namna hii. Hadi tunaandika fedha haijarudi.

Kamati moja ikasema papo hapo: basi turudi kwa dalali. Tunaelewa uchungu wao, lakini na huko tunakujua. Dalali hudai fedha ya kuonyesha nyumba, uipende usiipende. Atakuanzishia chumba kibovu ili cha pili kikuvutie. Tena yeye hulipwa siku unapoingia, si siku unapokaa kwa amani, kwa hiyo mambo ya baadaye hayamsumbui sana.

Hata hivyo dalali mwenyeji anajua yasiyoonekana kwenye picha, mradi aulizwe: kisima chenye maji ya chumvi, mwenye nyumba mgomvi, mahali maji yanapofika masika. Nyumba za bonde la Mto Msimbazi hupendeza zikipigwa picha kiangazi. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya serikali izihamishie baadhi ya familia Mabwepande, hakuna tangazo litakaloyataja.

Isitoshe, mpaka kati ya njia hizi mbili umefifia. Wengi wanaotangaza mtandaoni ni madalali wale wale, na picha moja huzunguka makundi ya WhatsApp mikononi mwa watu 4 au 5, kila mmoja akiongeza chake juu ya bei. Faida kubwa tuliyoiona ya intaneti ni kulinganisha bei. Kijana aliyeko Songea aweza kujua vyumba vya Mbagala na Kimara vinakwendaje kabla hajapoteza nauli, na dalali akimtajia bei ya ajabu atashtuka. Tunashauri itumike kwa hilo, fedha isitumwe.

Swali zito ni jingine: nani hasa ana haki ya kupangisha nyumba hiyo? Picha haijibu, na mara nyingi dalali naye hajui. Tumekutana na nyumba za urithi ambazo ndugu mmoja anapokea kodi huku wenzake wako mahakamani. Mpangaji akifukuzwa, aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini shauri huchukua muda na yeye yuko nje na watoto.

Kwa hiyo kuanzia robo hii mkopo wa kodi haupitii kwa mwombaji wala kwa dalali. Parokia anakotoka mwombaji itaiandikia parokia iliyo karibu na nyumba, na mjumbe wa jumuiya ndogo ndogo ya hapo atakwenda kuuliza majirani na ofisi ya serikali ya mtaa. Kama ni ya urithi, aombe kuona barua ya msimamizi wa mirathi. Kikundi kitamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, mkataba ukishasainiwa. Mwombaji aulize pia nani atabeba kodi ya majengo, maana tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU.

Dada yetu amepata chumba Segerea kupitia dalali. Cha kwanza alichoonyeshwa tulikikataa, kilikuwa na kesi ya ndugu. Kikundi chake kimekubali alipe deni lililopotea kidogo kidogo kwa miezi 12, na ameanza. Waombaji 3 wanasubiri mfuko ujae. Fomu mpya za uthibitisho ziko kwa makatibu wa kamati za parokia.