Kumbukumbu za ruta: Pima kwanza, nunua baadaye

WAFANYABIASHARA wa Mwanza wanaofikiria kuongeza kumbukumbu, yaani RAM, katika ruta zao wana sababu ya kupiga hesabu mara mbili. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya bidhaa hiyo ilipanda kwa kasi duniani.

Makampuni matatu makubwa, Samsung na SK hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, yalielekeza uzalishaji zaidi kwenye mitambo ya akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuiacha biashara yake ya rejareja ya Crucial.

Kwa kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa, ruta si pambo. Hati za mzigo zikichelewa, samaki anasubiri na gharama ya barafu inapanda. Ndiyo maana ruta ikianza kujizima, ushauri wa haraka huwa "ongeza RAM".

Ushauri huo si sahihi kila mara. Umeme usiotulia, vumbi na joto huleta dalili zilezile. Fundi asome kwanza kumbukumbu iliyobaki wakati kazi zimepamba moto. Kwenye ruta za Cisco amri ni show memory. Ikiwa imebaki nyingi, tatizo liko kwingine. RAM haiongezi kasi ya laini unayoilipia.

Aina ya ruta

Ruta nyingi ndogo hazipanuliki. MikroTik hEX ya RB750Gr3, kwa mfano, ina megabaiti 256 zilizochomelewa kwenye bodi. Ikizidiwa, dawa ni kupunguza mzigo au kununua kubwa zaidi. Ndugu yake mkubwa, CCR1036, ana nafasi za kuchomeka RAM za umbo la kompyuta za mkononi.

Cisco 2811 hupanuliwa kutoka megabaiti 256 hadi 768. Lakini kampuni iliacha kuiuza Novemba 2011 na huduma zake zikakoma Oktoba 2016. Kuiongezea RAM ni kutia kiraka kipya kwenye nguo iliyochakaa: itabeba mzigo zaidi, ila matundu ya usalama yatabaki wazi.

Mnunuzi asichanganye RAM na flashi. Flashi ni ghala la programu. RAM ni kaunta ya kazi. Programu mpya huweza kudai vyote viwili. Umbo kufanana nalo halitoshi: DDR2 haikai mahali pa DDR3, na baadhi ya ruta hudai RAM ya ECC, inayosahihisha makosa.

Hesabu ya mwisho

Jumlisha bei ya RAM, ujira wa fundi na saa ambazo ofisi itakuwa bila mtandao, kisha linganisha na ruta mpya yenye dhamana. Ukiamua kuongeza, nunua kwa risiti inayoruhusu kurudisha, fanya kazi hiyo baada ya saa za ofisi, na hifadhi nakala ya mipangilio kabla kasha halijafunguliwa.