Yale mabakuli ya juu Mlima Kenya, nani aliyachimba?

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, ukimaliza msitu na lile eneo la tope ambalo kila mpandaji hulilalamikia, unaingia Bonde la Teleki. Hapo wengi hutoa simu. Mbele yako kuna Batian, mita 5,199, na pembeni yake Nelion, mita 5,188. Picha zinapigwa, safari inaendelea.

Lakini hebu shusha macho kidogo, chini ya vilele vyenyewe. Utaona mashimo makubwa kwenye mwamba. Nyuma ukuta umesimama wima, kushoto na kulia kumezibwa, mbele ndiko kuko wazi. Ni kama bakuli lililomeguka ukingo upande mmoja. Mengine yana ziwa dogo ndani, maji yametulia tuli.

Hakuna mtu aliyechimba. Wala si mdomo wa volkano, ingawa mlima huu kweli ulikuwa volkano zamani sana. Kazi hiyo ni ya barafu.

Kama ulisoma Jiografia sekondari, utakumbuka neno "cirque", la Kifaransa. Watu wa Scotland huliita "corrie", kutoka neno la Kigaeli lenye maana ya sufuria. Kwa hiyo sisi tukisema bakuli, hatujakosea sana.

Sasa barafu inachimbaje jiwe?

Inaanza na kashimo kadogo tu, mahali penye kivuli ambapo theluji haiyeyuki yote. Mchana kunapata joto, maji yanaingia kwenye nyufa za mwamba. Usiku yanaganda. Maji yakiganda hutanuka, nyufa zinapanuka, vipande vya jiwe vinabanduka. Mlima Kenya uko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo huko juu mambo haya hayasubiri msimu wa baridi kama Ulaya. Yanaweza kutokea karibu kila siku: mchana jua, usiku baridi ya kugandisha.

Theluji ikirundikana mwaka baada ya mwaka, ya chini inabanwa na ya juu mpaka inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nene na nzito, inaanza kusogea. Polepole mno, lakini inasogea.

Na haitelezi moja kwa moja kama gari kwenye mteremko. Ndani ya bakuli inazunguka: inashuka kwa nyuma, inapita chini, inapanda kidogo mbele. Ni kama unavyochota wali kwa upawa. Huku nyuma inang'oa mawe ukutani. Mawe hayo yakishikwa ndani ya barafu yanageuka msasa, yanasugua sakafu na kuizidisha kina. Mbele, ambako nguvu imepungua, kunabaki kizingiti cha mwamba.

Kizingiti hicho ndicho kinachozuia maji baadaye. Barafu ikiisha, maji ya mvua na theluji yanakaa humo. Teleki Tarn ni mojawapo ya maziwa ya namna hiyo.

Kuna kingine. Mabakuli mawili yakichimbwa mgongo kwa mgongo, ukuta unaobaki katikati unakuwa mwembamba kama makali ya panga. Yakizunguka mlima pande zote, kinachobaki juu ni kilele chenye ncha. Batian na Nelion ni mwamba mgumu ulioganda kwenye koo la volkano ya zamani. Barafu imeukwangua kila upande kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana umechongoka vile.

Zamani barafu ilikuwa nyingi, ikashuka mpaka karibu mita 3,300. Leo ukisimama kimo hicho uko kwenye kijani kitupu.

Na hapa ndipo habari inakuwa nzito. Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder na wenzake wawili walipofika kileleni Batian, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imepotea kabisa. Lewis, ule mkubwa kuliko yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 iliuweka Mlima Kenya kwenye orodha ya maeneo ya urithi wa dunia ambayo barafu yake huenda ikaisha ifikapo 2050.

Wengine husema basi mito yote itakauka. Hapo tutulie. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na sehemu kubwa ya maji ya mito ya mlima huu inatokana na mvua na msitu. Mwenye shoka msituni anatisha zaidi kwa mkulima wa Nanyuki kuliko kuisha kwa Lewis.

Ila karibu na Lewis kuna kidimbwi kinaitwa Curling Pond. Jina hilo lilitokana na mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, ambao watu waliucheza pale miaka ya 1930. Chini ya Lewis yenyewe kuna ziwa jingine dogo, Lewis Tarn. Ukienda Lenana kwa upande huo, mwombe kiongozi wako akuonyeshe. Pale penye maji sasa, barafu ilikuwa imelala.